Vumbi la Kilimia

Baba Furaha, mpenzi wangu,

Furaha ameolewa. Amekwenda kukaa Fataki na mume wake, na tangu aondoke nyumba hii imekuwa kubwa kuliko tulivyoijenga. Nimebaki na cherehani yangu upande wa dirisha na studio yako upande wa barabara, na nikimaliza kazi ya mchana sina wa kumwambia neno. Ndiyo maana nakuandikia wewe, ingawa najua hakuna anayepeleka barua huko uliko.

Siku ya arusi kulitokea jambo dogo. Nilikuwa napakua chakula, na mama mmoja wa upande wa bwana arusi akawauliza wenzake, kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu bibi arusi njo mutoto wa Papa Vumbi?" Hakuwa na ubaya. Alitaka kujua ameingia ukoo gani. Lakini wenzake walitabasamu, nami nikainama juu ya sufuria kana kwamba nimeona kitu ndani ya mchuzi, nikakaa hivyo mpaka uso ulipopoa. Miaka yote hii, Baba Furaha. Wewe umelala makaburini, binti yetu ni mke wa mtu, na aibu ya Jumapili ile bado inaijua njia ya kufika usoni kwangu.

Hatukuwahi kuizungumza mpaka mwisho. Wewe ulinyamaza, nami nikanyamaza kwa kukuheshimu. Leo niruhusu.

Ulitoka Butembo na kamera moja tu, ukanikuta kijijini kwetu Aveba ulipokuja kuwapiga watu picha za vitambulisho. Baba yangu hakukupenda. Yeye alikuwa mtu wa jembe, mihogo na mahindi, na alisema mwanaume anayeishi kwa kukamata sura za watu kwenye karatasi siku moja atamlaza mke wake njaa. Alikubali mwishowe kwa sababu alichoka kuniona nimenuna. Lakini siku tuliyopanda lori kuja Bunia hakutupungia mkono. Alisimama tu pale njiani, kofia yake mkononi, na tangu siku hiyo nilikuwa na kiu moja: baba yangu akuone siku moja watu wakikuheshimu.

Na watu walianza kukuheshimu. Katikati ya miaka ya sabini studio yetu ilikuwa inajulikana. Kila Jumamosi wachimbaji wa dhahabu walikuja kutoka Nizi, wameoga, wameazimana makoti, wakasimama mbele ya pazia nililolishona kwa mikono yangu. Uliwainua kidevu kwa vidole viwili na kuwaambia wawaze mtu wanayempenda.

Kisha likaja lile bomba. Yule mzungu aliyefundisha hesabu katika sekondari, aliyekuwa akikuletea filimu zake uzisafishe, alimaliza mkataba wake na hakutaka kusafiri na darubini. Alikuja nayo mwenyewe, bomba jeupe lenye kioo kikubwa chini, juu ya msimamo wa mbao aliouchonga, wenye skrubu ndefu ubavuni. Alitusimamisha uani mara tu giza lilipoingia, Furaha akiwa bado anakula, akalielekeza bomba kaskazini, upande wa njia ya Fataki, akaniambia nitazame mimi kwanza. Niliona kitu cheupe kisicho na umbo, kama maziwa yaliyomwagika kidogo kwenye kitambaa cheusi. Akatueleza kwamba hilo si wingu. Ni galaksi, nyota nyingi kupita hesabu, zilizo mbali kiasi kwamba mwanga tunaouona uliondoka huko kabla dunia haijawa na watu. Mimi niliogopa. Wewe uliuliza swali moja tu: je, inaweza kupigwa picha?

Alisema inawezekana, ila inataka subira, kwa sababu anga linatembea, na darubini ni lazima itembee pamoja nalo.

Msimu mzima wa kiangazi tulijaribu. Uliunganisha kamera penye tundu la kutazamia la darubini kwa bomba dogo ulilolichongesha kwa fundi wa baiskeli. Ndani ya bomba hilo, karibu kabisa na filimu, ulitia kioo chembamba ili mavumbi ya mji yasiingie ndani ya kamera. Wewe ulitazama nyota moja kupitia kidarubini cha pembeni, mimi nikazungusha skrubu. Ulisema mkono wangu umefundishwa na gurudumu la cherehani. "Pole," uliniambia. "Pole tena. Simama. Pole." Hatukuwa tunasema maneno mengine, lakini sijawahi kukaa karibu nawe kama jioni zile. Picha za kwanza zilitoka zimejaa michirizi kama mvua. Tukarudia. Tukarudia tena.

Siku galaksi ilipotokea kwenye karatasi, uliniita kwenye chumba cha giza nikiwa na unga mikononi. Ilikuwa yai dogo la mwanga, limeinama upande mmoja, na katikati yake peupe zaidi. Uliishika karatasi kwenye dawa kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Niliona machozi yako chini ya ile taa nyekundu, nikageuza macho.

Laiti tungeishia pale. Lakini yule mwalimu alikuwa amekusimulia pia kwamba kati ya nyota na nyota pana vumbi jembamba sana, na kwamba mahali pengine vumbi hilo hupokea mwanga wa nyota zilizo karibu, likaonekana kwa shida kama utaji. Alikutajia Kilimia, zile nyota zilizosongamana ambazo wazee wetu walizitazama kabla ya kupanda. Tukapiga picha ya Kilimia. Na utaji ukatokea, mpana, umetandaa upande wa kushoto wa picha, una nyuzi nyuzi kama pamba iliyochambuliwa. Ulikuwa mzuri, Baba Furaha. Nami niliuona, nami niliuamini. Ulisema kwa sauti ndogo, "Hii njo vumbi ya mbinguni. Siye wawili tumeikamata hapa Bunia."

Uliwaambia wazee wa parokia. Walikupa ukumbi baada ya misa. Ulizikuza picha mbili, galaksi na Kilimia, kwenye karatasi kubwa kuliko zote ulizokuwa nazo. Nikatuma habari Aveba, na baba yangu akaja. Nilivaa kikwembe kipya. Nilikaa mbele kabisa, baba kando yangu, na nyuma yetu walijaa wafanyabiashara wa kwenu Butembo, wachimbaji, masista, walimu. Ulizungumza vizuri. Ulieleza umbali, ulieleza vumbi, na watu walitulia kama kwenye mahubiri. Nilimtupia baba jicho, nikaona amesogea mbele kwenye benchi. Nilijiambia moyoni: leo.

Ndipo akasimama mkuu wa sekondari, ambaye mji wote ulimwita Prefe, na abakosti yake, ile suti isiyo na tai, ya rangi ya majivu. Aliomba kuziona picha kwa karibu. Alizitazama, akaenda nazo dirishani, akaiweka moja juu ya nyingine na kuzielekeza kwenye jua. Akakuita. Nilikuwa karibu, niliona alichokuonyesha. Nyota za picha moja hazikulingana na za nyingine, kama inavyopasa. Lakini utaji ulikuwapo kwenye zote mbili, mahali pale pale, umbo lile lile, doa juu ya doa. Kwenye picha ya galaksi ulikuwa umefifia tu, na sisi hatukuwa tumeujali.

"Bwana," Prefe alisema, na hakupunguza sauti, "hii vumbi haikutoka mbinguni. Iko mu kioo yako."

Kicheko kilianzia nyuma. Mtu mmoja akasema afadhali ungekwenda kupiga picha njia ya Nizi, kule vumbi ni bure. Ukumbi wote ukapasuka. Hata masista waliziba midomo. Wewe ulifungua kinywa useme neno la Kifaransa, likagoma kutoka, ukaanza la Kiswahili, likagoma pia. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikitazama kikwembe changu kipya, maua yake makubwa mekundu, nikaona nimejipamba kwa ajili ya kuchekwa. Na kando yangu baba yangu akainuka, akavaa kofia, akatoka bila kugeuka. Hicho ndicho kilichonimaliza.

Tulizibeba picha kupitia barabara kubwa kwa sababu njia nyingine haikuwapo. Kabla hatujafika sokoni watoto walikuwa wameshakupa jina.

Nyumbani ulikitoa kile kioo chembamba na kukishika mbele ya mshumaa. Kilikuwa kimeota kuvu. Unyevu wa mvua za mwaka uliotangulia ulikuwa umekiingia kabla hatujakitia kwenye bomba, na kuvu limetandaa kama mizizi midogo, likikamata mwanga wowote unaopita. Ulinipa nitazame. Ulikubali kwamba Prefe amesema kweli. Kisha ukakaa kitandani na viatu vyako, na studio haikufunguliwa kesho yake, wala kesho kutwa.

Mvuliwa nguo huchutama, wahenga walisema kweli. Nilijifunza kuchutama. Nilikwenda sokoni asubuhi mapema kabla wanawake hawajajaa. Kanisani nilihamia benchi la nyuma. Wateja wangu wa kushona waliniita Mama Vumbi kwa mzaha, nami nikacheka nao, na kila nilipocheka nilijiona nimekuuza. Ulipoifungua studio tena, wachimbaji hawakuja. Walikwenda kwa mwenzako wa ng'ambo ya barabara, wakisema kwako sura ya mtu itatoka imeota kuvu. Na lililoniumiza kupita yote ni hili: galaksi ilikuwa ya kweli. Ile haikuwa doa. Tuliipata kwa mikono yetu sisi wawili, na watu waliitupa kwenye jaa pamoja na ile nyingine, na hatukuwa na uso wa kuitetea.

Baba yangu alilala kwa ndugu yake usiku ule, asubuhi akapita kuniaga. Hakuingia. Aliniambia nichukue mtoto nirudi Aveba kidogo, mpaka maneno ya watu yatulie. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango, najua ulisikia.

"Baba," nilimjibu, "niliolewa na mutu. Sikuolewa na foto."

Aliitika kwa kichwa, akaenda. Nilidhani amekasirika. Kwa muda mrefu nilidhani hivyo.

Mvua zikaja, zikaisha. Darubini ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa blanketi, na mimi ndiye niliyeifunga. Kiangazi kilipoingia uliitoa, ukaifuta, ukatupa kile kioo chembamba, halafu ukaniambia unakwenda nyumbani kwa Prefe kumwomba aje atazame. Nilikushika mkono. Nilikuambia usiende, utawaongezea kicheko, watasema umekwenda kupiga magoti. Ulinijibu bila hasira, "Ni yeye peke yake alitazama foto muzuri. Wengine walicheka tu."

Ukaenda. Nilikaa jikoni nikiwaza mke wake amekufungulia mlango na sura gani.

Alikuja. Sikutaka kumpa kiti. Alisimama uani kama mtu asiyejua aweke wapi mikono, ukamwelekeza kwenye galaksi, akainama kutazama. Alikaa pale muda mrefu kiasi kwamba ugali ulipoa. Alipoinuka alikuita kwa jina lako, si lile la barabarani, akakuuliza kama anaweza kurudi kesho. Akarudi kesho, na jioni nyingi baada ya hapo. Mimi nikarudi kwenye skrubu yangu. Mwanzoni sikuwa namsalimu zaidi ya inavyolazimu.

Tulipiga Kilimia upya. Hakukuwa na utaji mpana tena, wala nyuzi za pamba. Nyota zilitoka safi, na moyo wangu ukaanguka, maana nilielewa kwamba tulikuwa tumejivunia kuvu na si kitu kingine. Lakini wewe ulikaa na ile karatasi chini ya taa, ukaniita. Kando ya nyota moja, chini kidogo, palikuwa na weupe hafifu sana, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Hukusema ni nini. Ulikuwa umejifunza kutosema. Prefe ndiye aliyependekeza tugeuze kamera robo ya mzunguko na kupiga tena, kwa sababu doa la kioo lingebaki mahali pake kwenye picha, na kitu cha angani kingegeuka pamoja na nyota zake. Tuligeuza. Tulipiga. Uliisafisha filimu jioni ile ile, sisi wawili tukisubiri nje ya pazia, mimi na mtu aliyetuvunjia heshima, tumesimama bega kwa bega.

Weupe ulikuwa umegeuka pamoja na nyota.

Prefe alifurahi kuliko wewe. Alisema tuombe ukumbi tena, yeye mwenyewe atasimama mbele ya watu na kusema. Ulikataa. Ulimwambia, na maneno haya nayakumbuka yote, "Ule siku nilisema mbele ya watu kitu sikukijua. Leo nikisema kitu ninakijua, watasikia ileile sauti." Akainamisha kichwa. Akasema siku ile angeweza kungoja watu watoke na kukuambia faraghani, na kwamba wazo hilo lilimjia palepale dirishani, ila ukumbi ulikuwa umejaa na alipenda kusikilizwa. Ulimmiminia chai. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomletea kiti.

Mimi sikukuelewa, Baba Furaha. Nilitaka ukumbi. Nilitaka wale waliocheka wakae kimya. Nilikuonea aibu tena, safari hii kwa kukataa kwako, nikidhani umevunjika. Nilikuomba jambo moja tu, niende na picha Aveba. Ulifikiri, ukasema, "Baba yako, umuonyeshe."

Nilimkuta shambani. Alinawa mikono kwanza, akaipokea picha, akaigeuza huku na huku, akaisogeza mbali na macho yake mabovu. Nikamweleza kila kitu, kuvu, kioo, kugeuza kamera. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mi hapana ona ile vumbi," alisema. "Naona nyota. Lakini kama munasema iko, iko."

Nikamuuliza, kwa sababu sikuweza kubeba tena, kwa nini siku ile alituacha mbele ya watu.

Alinishangaa. Aliniambia hakutuacha. Alikuwa ameona machozi yakikujaa machoni, na kwao mkwe hamtazami mkwe wake akilia. Ni kumvua nguo. Aliinuka ili akusitiri. Alitumaini na wengine wangeinuka wamfuate, ukumbi utoke mmoja mmoja, ubaki peke yako na mke wako. Hakuna aliyemfuata. Alisema hiyo ndiyo aibu aliyokwenda nayo njia nzima mpaka Aveba, na kwamba alitaka nirudi nyumbani kwa sababu alidhani uso wangu utakuwa unakukumbusha aibu ile kila siku.

Nilirudi Bunia juu ya magunia ya mahindi, nikalia safari nzima. Nilipokusimulia, ulikuwa unatengeneza pazia. Ulikwenda ukakaa kwenye kile kigoda cha wateja, pale wanapokaa wakisubiri kupigwa picha, ukaziba uso kwa mikono. Juma lile lile ulipanda lori kwenda Aveba peke yako. Mlichoongea sikukijua, hukuniambia, naye hakuniambia mpaka akafariki. Najua tu kwamba ulirudi na mhogo mwingi kuliko tulioweza kula, na ukaanza tena kuimba ukiwa kwenye chumba cha giza.

Wachimbaji walirudi kidogo kidogo, maana watu husahau sababu ya kicheko, hubaki na jina tu. Wewe ulilizoea jina. Mtu akikuita Papa Vumbi barabarani uliitika. Mimi sikuweza kulizoea, na sasa umenitangulia kabla hujanifundisha. Hata ulipokuwa mgonjwa, kifua kikikubana, watu walipokuja kukuona na kukuita hivyo kwa upendo, nilitoka nje kujifanya nachota maji. Ulinitazama nikitoka. Najua ulijua.

Baada ya arusi nilifungua sanduku, nikaitoa ile picha ya Kilimia tuliyoipiga upya, nikaitundika studio, kati ya picha ya mwanajeshi na ya bibi arusi asiyejulikana. Kazi naifanya mimi siku hizi, ulinifundisha vya kutosha. Leo asubuhi amekuja mchimbaji mmoja wa Nizi, mtu mzima, koti limembana mabega. Alipokuwa anajiweka sawa mbele ya pazia, aliitazama, akaniuliza, "Mama, ile foto ilichafuka?"

Nilihisi joto likipanda kutoka shingoni. Mkono wangu ulitaka kwenda kuiteremsha.

"Haikuchafuka," nilimwambia. "Iko vumbi ya katikati ya nyota. Bwana yangu njo aliipiga, na mimi nilikuwa nageuza skrubu."

Akaisogelea, akaikazia macho. Akauliza kama ni mbali. Nikamwambia mbali sana. Akavuta koti lake, halafu akauliza kama naweza kumpiga picha akiwa amesimama pale, karibu nayo, badala ya kwenye pazia. Alisema anataka mke wake aione.

Nikaihamisha kamera. Uso wangu ulikuwa unawaka bado, sikufichi. Nikamwinua kidevu kwa vidole viwili, nikampiga picha.

Pumzika, Baba Furaha. Hapa kwetu kiangazi kimeingia.

Ni mimi mke wako,
Mama Furaha